Sumaku na Mkono Uliopooza

Kiharusi kikiushika ubongo upande wa kushoto, mkono wa kulia ndio aghalabu unaolegea, nao ndio mkono ambao mtu wa Newala au Masasi hushikia jembe, patasi ya kuchongea mpingo na nyundo ya kubangulia korosho. Madhali ni hivyo, namna ya kuurudishia mkono huo nguvu si shauri la matabibu wa ng'ambo peke yao, nasi wa huku inatupasa kulichungua.

Mwaka 1985, mjini Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake waliweka koili ya waya juu ya kichwa cha mtu, wakapitisha ndani yake mkupuo mfupi wa umeme. Ukazaliwa uga wa sumaku uliopenya fuvu pasipo kisu wala jeraha, ukaamsha umeme mdogo katika gamba la ubongo, na vidole vya mkono wa upande wa pili vikashtuka. Baadaye ikazuka nadharia kwamba nusu mbili za ubongo huzuiana, na moja ikidhurika, ile nzima humwelemea mwenziwe kupita kiasi. Basi nzima ikitulizwa kwa mapigo ya polepole, moja kila sekunde, yamkini iliyodhurika itapata nafasi.

Nadharia hiyo yapendeza, lakini ilihitaji ithibati. Jaribio kubwa la Marekani lililotangaza natija yake mwaka 2018 lilikusanya wagonjwa 199 katika vituo 12, waliopatwa na kiharusi miezi 3 hadi 12 nyuma. Theluthi mbili walipewa sumaku ya kweli, theluthi moja ya bandia, bila mgonjwa kujua amepewa ipi, na wote wakafanyishwa mazoezi ya kazi za mkono. Miezi sita baada ya matibabu, asilimia 67 ya kundi la kwanza walikuwa wamepiga hatua iliyotarajiwa, na asilimia 65 ya kundi la pili.

Hapa ndipo pa kukaa kitako. Tofauti ya mbili katika mia haithibitishi lolote kwa sumaku. Lakini watu waliopigwa sumaku ya uongo, katika miezi ambayo nafuu inayokuja yenyewe aghalabu imekwisha kupungua kasi, waliendelea vizuri hivyo kwa sababu gani? Kwa insafu, jaribio halikuwa na kundi lisilofanya mazoezi, hata hivyo mimi naelemea upande wa mazoezi, kwani ndiyo waliyoshiriki wote.

Na mazoezi hayo hayahitaji mtambo. Mgonjwa aliyetoka hospitali ya Mkomaindo au ya Ndanda, akiisha kuelekezwa na mtaalamu wa tiba ya viungo, aweza kuketi ukumbini mbele ya ungo wa korosho zilizokwisha kubanguliwa, akaokota kiini kimoja kwa kidole gumba na cha shahada, akakitia kikombeni, huku mjukuu akihesabu. Mwanzoni kikombe kikae karibu na goti, na vidole vikizoea kisogezwe mbali, kisha kiinuliwe juu ya kigoda, ili bega nalo lifanye kazi yake.