Kupima Umri na Asili ya Sarafu za Akina Ptolemaio

Anayeishika sarafu ya fedha ya akina Ptolemaio, wafalme wa asili ya Makedonia ambao enzi yao nchini Misri ilikoma alipofariki Kleopatra wa Saba mwaka 30 KK, huvutwa kwanza na sura na jina, ilhali hivyo viwili ndivyo ushahidi hafifu kuliko wote. Wafalme wa ukoo huo walirithishana jina moja, maandishi ya Kigiriki yaliendelea kumtaja Mfalme Ptolemaio bila kueleza ni wa ngapi, na sura ya mwasisi, mwenye kidevu kilichochomoza na utepe wa kifalme kichwani, iliendelea kupigwa kwa zaidi ya miaka 200 baada ya kifo chake, huku upande wa nyuma ukibaki na tai aliyesimama juu ya radi.

Mjuzi, kwa hiyo, huanzia kando ya tai, ambako mara nyingi huonekana alama L, yaani "mwaka", ikifuatwa na herufi ya Kigiriki inayosimama badala ya tarakimu, pamoja na herufi za mji wa karakana iliyopiga sarafu: ΣΑ kwa Salamis na ΚΙ kwa Kition, yote miji ya Kupro. Hata hapo mitego ipo. Ptolemaio wa Nane alihesabu miaka yake tangu 170 KK, alipotawazwa pamoja na kaka yake Ptolemaio wa Sita, ingawa aliirithi enzi yote mwaka 145 KK. Hivyo LΛ, mwaka wa 30, yaweza kuwa 152/151 KK kwa kaka au 141/140 KK kwa mdogo. Herufi ΠΑ, ambazo asili yake ni Pafo, mji mwingine wa Kupro, zilikuja kutumiwa na karakana ya Aleksandria yenyewe, na anayezisoma kama anwani hupotea.

Kinachokata shauri mara nyingi ni muhuri, yaani chuma kilichochongwa picha ya kubonyezwa kwenye fedha: sarafu mbili zenye ufa uleule shavuni zimetoka muhuri mmoja, na kwa kuwa muhuri haukudumu sana, yenye tarehe ya hakika huivuta mwenzake. Mizani husaidia kutenga sarafu za mwanzo, za gramu 17 hivi, na zile za baadaye za gramu 14, lakini zaidi ya hapo hupewa heshima isiyostahili, kwa kuwa fedha huchakaa.

Namba ya orodha ya sarafu hizi iliyoandikwa na mtaalamu Svoronos, iliyotoka 1904–1908, hutambulisha aina tu. Sarafu nyingi, hasa za shaba, zimehamishiwa kwa wafalme wengine tangu hapo, na kitabu cha Catharine Lorber cha 2018 ni cha lazima kwa wafalme wanne wa kwanza.

Mahali pa kupatikana napo hupimwa. Sarafu za akina Ptolemaio zilizoripotiwa kutoka Bur Gao, pwani ya kusini ya Somalia, zilikuwa fungu moja na za Kirumi na za Wamamluki, watawala wa Misri wa zama za baadaye sana, mchanganyiko wa zaidi ya miaka 1,000, kwa hiyo hazithibitishi kwamba jahazi la enzi ya Ptolemaio lilitia nanga huko.