Kitabu na Mwenye Kitabu

Kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli kilipigwa chapa Göttingen, katika Ujerumani, mwaka 1903. Jina lililotangulia ni la Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki mjini Berlin, nalo limewekwa kama jina la mkusanyaji na mtoaji. Lakini aliyeandika sehemu kubwa ya maneno yaliyomo ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyefundisha katika chuo hicho hicho tangu mwaka 1900.

Kitabu chenyewe twakisifu. Humo mna khabari za uzazi na malezi, jando, arusi, ngoma, pepo na waganga, utumwa, urithi na maziko. Mwandishi hukitaja kila kitu kwa jina lake, akaeleza nani huitwa kwanza na nani hulipwa nini. Hayo si masimulizi ya kupitisha jioni. Ni elimu iliyopangwa, na mwenye kuipanga ni mwenyeji.

Kasoro nayo ipo. Mtoro aliyaona mambo kwa macho ya mwanamume mwungwana wa mji wa pwani. Mwanamke au mtumwa angaliulizwa, huenda angalisema mengine. Lakini tazameni: kasoro hii twaweza kuipima kwa sababu twamjua msemaji. Tukiambiwa tu kwamba “Waswahili husema hivi,” tutampima nani? Basi kumtaja mwenye elimu si adabu peke yake. Ni sharti la ukweli.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Velten aliyahifadhi maneno ambayo pengine yangalipotea, wala hakuyaacha katika Kijerumani tu, bali aliyatoa kwa Kiswahili chenyewe. Hata hivyo, jina la Mtoro halikutiwa katika anwani ya kitabu mpaka mwaka 1981, ilipotoka tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen. Mtoro alikuwa amekwisha kufa huko Berlin mwaka 1927.

Wala tusimlaumu Velten tukajisahau. Sisi wenyewe tulipata kuketi kwa mzee mmoja siku tatu, akatufundisha majina ya miti na dawa zake, tulipoandika, tukaanza, “Wazee husema.” Wazee gani? Alikuwa mmoja, naye alikuwa na jina. Alikufa asiisikie kazi yake ikisomwa.

Kwa hiyo twawasihi walimu wenzetu, na wanafunzi wao waendao vyuo vikuu: mwulizeni mzee kama ataka kutajwa, andikeni jina lake na kijiji chake, na yale aliyoyakataza yasipigwe chapa. Kisha rudini mkamsomee mliyoyaandika, ili asahihishe. Chuo kikuu humwita mtu mwalimu kwa sababu ya vitabu alivyovitaja. Na mzee huyu, aliye kitabu chenyewe, kwa nini asitajwe?