Mjane wa Hawaii na Mikono Yenye Joto

Mwaka 1935, mjane mmoja kutoka Hawaii alilala kitandani katika zahanati ya jijini Tokyo, akahisi mikono ya watu waliokuwa wakimtibu ikimtia joto lisilo la kawaida. Kwa masimulizi yake mwenyewe, aliingiwa na shaka kiasi cha kumkamata mmoja wao mkono wa vazi, akapapasa kutafuta mashine iliyofichwa. Hakukuta kitu. Huyo ndiye Hawayo Takata, na bila yeye huenda Reiki, tiba ya Kijapani ya kuwekewa mikono, isingevuka bahari.

Mwenye zahanati alikuwa Chujiro Hayashi, ofisa wa zamani wa jeshi la majini na mwanafunzi wa Mikao Usui. Inasimuliwa kwamba Usui aliipata tiba hiyo mwaka 1922, baada ya kufunga siku 21 kwenye mlima Kurama, karibu na Kyoto.

Anayeanza asitarajie kukandwa. Mkandaji wa kwetu hupaka mafuta, akaminya na kuvuta mpaka mgonjwa agune. Wa Reiki hutuliza viganja tu. Mteja hulala chali na nguo zake, viatu pembeni. Viganja hukaa dakika chache juu ya macho, kisha masikio, kisogo, kifua na tumbo, halafu mteja hugeuka, zamu ya mgongo ikafika. Wakati mwingine mwili hauguswi kabisa. Kwa waumini, “ki”, yaani nguvu ya uhai, ndiyo inayopita hapo. Kikao huchukua kama saa moja, na wengi husinzia kabla hakijaisha.

Takata aliondoka Japani akiwa amejifunza tiba hiyo kwa Hayashi. Ufundi wake ulikuwa katika kuipanga upya ili Wamarekani waipokee. Daraja la kwanza: kujitibu na kuwawekea wengine mikono. La pili: alama za siri na tiba ya mbali. La tatu, ualimu, aliliuza dola 10,000 katika miaka ya 1970, fedha nyingi mno kwa zama hizo. Haikuwa tamaa tupu, kwani aliamini kitu cha bure hudharauliwa. Tena alimtambulisha Usui kama mwalimu Mkristo, dai ambalo watafiti wa baadaye hawakulipatia ushahidi. Baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor, kuuza kitu cha Kijapani Marekani kulihitaji kanzu ya aina hiyo. Inaeleweka, ila haikuwa kweli.

Alipofariki Desemba 1980 aliacha walimu 22. Mafunzo ya walimu wengi wa Reiki wa nchi za Magharibi yana asili yake kwa hao.

Je, inaponya? Hakuna chombo kilichowahi kuipima hiyo nguvu ya “ki”. Mwaka 2015 wachambuzi wa tafiti za afya wa shirika la Cochrane walipitia majaribio ya Reiki kwa wenye sonona na wasiwasi, wakakuta ushahidi hautoshi kusema inafaa au haifai. Hata hivyo, kulala saa nzima bila simu, huku mtu akikushughulikia wewe tu, ni raha ambayo haihitaji nadharia.

Siku hizi cheti cha ualimu hununuliwa mtandaoni kwa bei ya chakula cha hotelini. Anayetaka kujaribu na amuulize mwalimu wake alifundishwa na nani, kwa muda gani, na dawa alizoandikiwa na daktari asiziache hata siku moja.