Uji wa Paa, Biskuti ya Mbwa

Kuna aina moja ya maandishi ambayo wahakiki wetu hawaigusi kabisa, nayo ni maelekezo ya mapishi. Tunahakiki riwaya, tunahakiki mashairi, siku hizi tunahakiki hata maneno yaliyoandikwa nyuma ya daladala, lakini karatasi inayosema "chukua unga vikombe viwili" tunawaachia walimu wa sayansikimu. Leo nataka kuhakiki mapishi, tena ya ajabu kidogo: biskuti za mbwa, zinazookwa nyumbani kwa mikono ya mwenye mbwa mwenyewe.

Msomaji, cheka kwanza. Ukimaliza tuendelee.

Mapishi haya yapo mengi na karibu yote yanafanana. Unga vikombe viwili, wa ngano au wa shayiri. Yai moja au mawili. Siagi ya karanga vijiko kadhaa, boga lililochemshwa na kupondwa, maji kidogo. Unakanda, unasukuma kama unasukuma chapati, unakata kwa kikata chenye umbo la mfupa, unatia kwenye oveni ya nyuzi 180 kwa dakika 20 na kitu mpaka zikauke. Sukari hapana, chumvi hapana. Na mwishoni, mara nyingi, kuna sentensi ya utani kwamba hata mpishi anaweza kuonja, kwa kuwa vitu vyote vimetoka kwenye kabati lake mwenyewe. Kwangu hiyo ndiyo sentensi yenye uzito kuliko zote, na walioiandika wala hawaoni kama wamesema kitu.

Biskuti ya mbwa haikuzaliwa jikoni. Miaka ya 1860 Mmarekani aitwaye James Spratt alianza kuuza London keki ngumu za mbwa zilizotengenezwa kwa unga, mboga na nyama. Inasimuliwa kwamba alikwenda Uingereza kuuza vifaa vya kukinga radi, akawaona mbwa wa bandarini wakigombania biskuti kavu za mabaharia, na hapo akanusa biashara. Kijana mmoja aliyefanya kazi kwake, Charles Cruft, ndiye aliyeanzisha maonyesho ya mbwa mwaka 1891 ambayo mpaka leo yanaitwa kwa jina lake. Baada ya hapo chakula cha mbwa kikawa mali ya viwanda. Kilichowarudisha watu jikoni, pamoja na mapenzi, ni woga. Mwaka 2007 kemikali ya melamini ilikutwa kwenye vyakula vya mbwa na paka huko Marekani, wanyama wakafa kwa kuharibika figo, na watu wakaanza kujiuliza pakiti ina nini. Mapishi ya nyumbani yanajibu swali hilo: ina kile nilichotia mimi.

Sasa chukua maandishi hayo uyasome Masuguru, huku kwetu upande wa Handeni na Korogwe, uone yanavyogeuka.

Mbwa wa Masuguru ana kazi. Mahindi yakianza kubeba, analala chini ya dungu na mwenye shamba, maana nguruwe pori akiingia usiku mmoja tu, msimu umekwisha. Mchana anafukuza nyani na ngedere. Jioni anarudi na mbuzi. Chakula chake ni ugali wa dona uliobaki, ukoko uliolowekwa, uji wa pumba, na siku njema maji yaliyosuuza sufuria ya dagaa. Hakuna anayemchukia. Hakuna pia anayefikiria kwamba chakula chake kinaweza kuandikwa kwenye karatasi.

Nilimsomea shangazi yangu mapishi hayo wakati anapepeta mahindi.

"Mayai mawili?" akauliza.

"Mawili, shangazi."

"Mbwa amefanya nini?"

Nikamwambia mara nyingine hajafanya kitu, anapewa tu kwa kuwa anapendwa. Akafikiri kidogo, ungo mkononi. "Basi huyo si mbwa, mwanangu. Huyo ni mgeni."

Sijasoma uhakiki mzuri kuliko huo juu ya mapishi haya. Swali lake limegusa udhaifu wa kwanza wa maandishi yenyewe, ambao ni wa lugha. Biskuti hizi si chakula, ni kitu cha juu ya chakula, na Kiswahili kikitafuta neno kinahangaika. Wengine wanaandika "zawadi", wengine "vitafunwa". Mimi ningechagua bakshishi. Bakshishi ni kile unachompa mtu juu ya ujira wake, na neno hilo linabeba sharti ambalo "zawadi" inalificha: kwamba ujira umeshalipwa. Mapishi yanaanzia kwenye bakshishi kwa sababu yameandikwa mahali ambapo bakuli la mbwa limejaa asubuhi na jioni. Masuguru bado tunadaiwa ujira.

Ila wakati anasema hayo, shangazi alikuwa anatenga mafungu. Fungu la kwanza ni mahindi mazuri ya kupeleka mashineni. La pili ni chenga. La tatu, punje nyeusi, zilizovunda, zenye ukungu wa kijani. Nikauliza hili la tatu ni la nini, nikajibiwa kama mtu anayejibu swali la mtoto: la mbwa na kuku.

Hapo nikamkumbuka paa.

Fasihi yetu ina maandishi makubwa juu ya kumpikia mnyama, na tumeyasahau. Ni hadithi ya Sultani Darai, iliyosimuliwa Unguja na kuchapwa na Edward Steere katika kitabu chake cha hadithi za Waswahili mwaka 1870. (Steere huyo baadaye akawa askofu wa misheni ya UMCA, iliyokuwa na kituo Magila, huku huku Bonde.) Andrew Lang akaiingiza sehemu ya paa kwa Kiingereza katika mkusanyo wake wa 1901, kwa hiyo kuna watoto wa Uingereza wanaoijua kuliko sisi. Maskini mmoja, Haamdani, anaishi kwa kuchakura jaani akiokota punje za mtama. Siku moja anaokota themuni, na badala ya kununua chakula ananunua paa. Watu wanamcheka: wewe mwenyewe huli, mnyama utamlisha nini? Paa anaongea. Anatafuta malisho yake mwenyewe, anaokota almasi, anampeleka kwa Sultani Darai kama posa, anamuua nyoka wa vichwa saba, na kumpatia bwana wake mke na jumba lililojaa mali. Halafu paa anaugua. Bibi mzee wa nyumba anamwendea bwana: paa mgonjwa, nimpikie nini? Na bwana, katika nyumba yenye kila kitu, anaagiza uji wa mtama hafifu, ule wa kupewa farasi.

Hadithi nzima inageukia kwenye sufuria hiyo. Paa hakufa kwa nyoka wa vichwa saba. Anakufa baada ya kuletewa uji ule, anatupwa kisimani, na siku moja mke anaamka yuko kwa baba yake, bwana anaamka yuko jaani, anachakura. Wahakiki wengi wakifika hapa wanaandika "kukosa fadhila" na kufunga daftari. Naona tunapoteza kitu tukipita haraka hivyo. Msimulizi hakusema Haamdani alimpiga paa, wala hakusema alimnyima. Alimpa. Kosa liko kwenye gunia alilochagua. Ni kosa la jikoni, dogo, la kila siku, na msimulizi analiona kubwa kuliko matusi.

Tena hapa nimtetee shangazi, kwa sababu hadithi ingeweza kutumiwa vibaya dhidi yake. Haamdani alitoa mtama hafifu akiwa tajiri. Alipokuwa jaani, kile kidogo alichookota alikitoa chote kumnunua mnyama. Shangazi yuko karibu zaidi na yule wa jaani. Miezi ya njaa kabla ya mavuno, debe moja la mahindi ni ada ya shule, ni nauli ya kwenda hospitali. Kumwambia atupe fungu la tatu ni rahisi kwa mwenye mshahara.

Lakini fungu la tatu lina sumu, na hili halisubiri uhakiki wa fasihi. Ule ukungu unatoa sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na Manyara si mbali: Kiteto imepakana na Kilindi, na Kilindi ilikatwa kutoka Handeni. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi, kwenye ini. Mwaka 1974, magharibi mwa India, mahindi yaliyovunda yaliangusha vijiji kwa vijiji kwa ugonjwa wa ini, na mbwa waliokula mabaki ya nyumba zile zile nao walikufa. Mwisho wa 2005 mbwa wakafa Marekani kwa chakula cha kiwandani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hiyo hiyo. Kupika hakuiondoi. Kuoka hakuiondoi. Ng'ombe akila pumba zenye sumu, sumu inatokea kwenye maziwa. Kwa hiyo fungu la mbwa na kuku linaturudia mezani.

Ndiyo maana nasema ile sentensi ya utani, kwamba mpishi naye anaweza kuonja, ndiyo bora katika mapishi yote. Inalazimisha gunia liwe moja. Mtu akijua ataonja, hatachota kwenye fungu la tatu.

Najua kuna watakaonipinga kwa methali. Ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini, wanasema, na Handeni ni nchi ya misikiti. Sawa. Lakini methali inakataza michezo, haikatazi kulisha, na kila aliyesoma chuoni anajua kisa cha aliyeshuka kisimani akamnywesha mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa. Kisima kimoja ametupwa paa, kisima kingine kimemnywesha mbwa. Mwalimu wa fasihi akivisomesha visa hivi viwili siku moja, darasa halitalala.

Kuna na faida nyingine ambayo mapishi hayaitaji kabisa. Chanjo ya kichaa cha mbwa inatakiwa kufikia mbwa 70 katika kila 100 ili ugonjwa ukatike, na mchanjaji anamchanja mbwa anayeshikika. Mbwa anayekula majalalani hashikiki. Anayepewa kitu kwa mkono, hata kipande cha ukoko, anakuja akiitwa. Waandishi wa mapishi wanazungumza sana kuhusu mapenzi; wangezungumza kidogo kuhusu siku ya chanjo.

Udhaifu mwingine nautaja kwa haraka. Kikata chenye umbo la mfupa ni cha kumfurahisha mpishi, mbwa hana habari nacho. Kumwita mbwa "mwanangu" kila baada ya mstari kunachosha. Na tafsiri za Kiswahili nilizoziona zinabeba vitu visivyopatikana Korogwe hata ukizunguka soko zima, kisha zinasahau maonyo, ambayo ni kosa baya zaidi: chokoleti, zabibu kavu na vitunguu vinamdhuru mbwa, na ile sukari ya bandia iitwayo zailitoli, inayotiwa kwenye baadhi ya siagi za karanga za dukani, inaweza kumuua. Karanga zetu za kutwanga nyumbani hazina zailitoli, lakini nazo zinavunda na kushika sumukuvu kama mahindi.

Kwa anayetaka kujaribu, yaandike upya hivi. Unga uwe dona, kutoka kwenye mahindi uliyokusudia kula wewe. Yai acha, liuze. Tia dagaa waliotwangwa na boga lililopondwa, usitie chumvi. Oveni huna: bandika sufuria kavu kwenye mkaa mdogo, mkaa mwingine juu ya mfuniko, kama unavyooka keki ya sikukuu. Kata vipande kwa kisu. Zikauke kabisa, la sivyo nazo zitaota ukungu. Fungu la tatu lifukie mbali na kuku. Halafu onja kimoja kabla hujamwita mbwa.