Mwarobaini Peke Yake Hautoshi: Tunapimaje "Kijani"?

Chemsha majani ya mwarobaini, chuja, mimina maji yake kwenye myeyusho wa nitrati ya fedha (madini, sio hela), kisha subiri. Rangi inageuka polepole kutoka manjano hafifu hadi kahawia. Umepata chembe nano za fedha, na kwa desturi ya fani yetu umepata pia ruhusa ya kuandika "kijani" kwenye kichwa cha makala yako. Mimi mwenyewe nimechemsha majani maabara, kwa hiyo siongei kama mtu wa pembeni: neno hili tunaligawa kirahisi mno.

Tuanze na haki yake. Mwaka 2004, Shankar na wenzake kutoka Pune, India, walionyesha kwamba maji ya majani ya mwarobaini yanaweza kutengeneza chembe nano za dhahabu, za fedha, na hata zenye dhahabu ndani na fedha juu. Kemikali za jani huzipa ayoni elektroni zikawa atomi, na baadhi hufunika chembe ili zisishikane. Kazi mbili kwa pamoja, ndani ya maji matupu. Ilikuwa hoja nzuri. Shida ni kilichofuata: kila siku jani jipya, mara mlonge, mara mchaichai, mara ganda la ndizi, lakini hoja ni ileile.

Lawama yangu ya kwanza: tunajilinganisha na nani? Utangulizi wa makala nyingi za aina hii hudai kwamba njia "za kawaida" hutumia kemikali za sumu. Kwa sodiamu borohaidraidi, sawa. Lakini mwaka 1951 Turkevich na wenzake walitengeneza chembe za dhahabu kwa maji yanayochemka na sitrati, chumvi ya asidi iliyomo kwenye ndimu. Hiyo nayo ni njia ya kawaida, na sitrati haina sumu ya kuogofya. Mpinzani wetu wa kweli ni huyo, na tunamkwepa.

Ya pili: hatupigi hesabu. Mwaka 1998 Paul Anastas na John Warner walitoa kanuni 12 za kemia ya kijani. Kutumia malighafi inayoota tena ni moja tu, na ni ya saba. Ya kwanza inasema: zuia taka. Roger Sheldon alishatupa kipimo chake, kipimo cha E, yaani kilo za taka kwa kila kilo ya bidhaa. Viwanda vya dawa, vinavyolaumiwa kwa taka nyingi, huangukia kati ya 25 na zaidi ya 100.

Hebu tujipime. Chukua gramu 10 za majani katika mililita 100 za maji. Mililita 10 za maji hayo ziingie kwenye mililita 90 za nitrati ya fedha, milimola 1 kwa lita. Fedha yote iliyomo haifiki miligramu 10, na fungu la majani yaliyotumika ni gramu 1. Kwa majani peke yake tumeshapita 100, kabla ya kuhesabu maji ya kuoshea na umeme wa sentrifuji. Majani yanaoza, nakubali. Lakini nitrati ya fedha haioti mtini: hutengenezwa kwa kuyeyusha fedha katika asidi ya nitriki, na hapo gesi za sumu hutoka.

Ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi. Tunaweka chembe kwenye sahani ya bakteria, bakteria wanakufa, tunashangilia. Nani kaua? Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walipozuia oksijeni ili chembe zisitoe ayoni, makali yake karibu yaliisha. Kumbe muuaji ni ayoni. Sasa kama haukuweka sahani yenye nitrati ya fedha kwa kiasi kilekile, na nyingine yenye maji ya majani tu, utajuaje mwarobaini umeongeza nini? Na ayoni hizo zikifika mtoni, hazijali zilizaliwa na jani gani. Samaki na viroboto-maji huumia vilevile.

Kijani cha kweli kinafananaje? Tazama ibuprofeni. Njia ya zamani ya Boots ilikuwa na hatua sita, na takriban asilimia 40 tu ya uzito wa atomi zilizoingia ndiyo iliyoishia kwenye dawa. Njia ya BHC ina hatua tatu, na asilimia 77. Cha kuchekesha, inatumia haidrojeni floridi, asidi hatari kabisa, ila inakusanywa na kurudishwa kazini. Hakuna jani hata moja pale. Kuna hesabu.

Sisemi tuache mimea. Nasema makala ikiitwa ya kijani ionyeshe mambo manne: mavuno kwa miligramu, taka, umeme uliotumika, na ulinganisho na sitrati. Kama mwarobaini utashinda hapo, nitakuwa wa kwanza kupiga makofi. Ukishindwa, tuandike hivyo, ili mwanafunzi anayefuata asipoteze miaka miwili akibadilisha majani.