Hedifoni za Kuzima Kelele: Kelele Ipi Hasa?

Sanduku la hedifoni za dola 400 huandikwa mengi: saa za betri, idadi ya maikrofoni, jina la chipu. Jambo ambalo mnunuzi analihitaji kuliko yote halimo, yaani ni kelele gani zitakazozimwa na zipi zitakazoendelea kumfikia kama kawaida. Ziwe za Sony, Bose, Apple au Sennheiser, hedifoni hizi hufanya maajabu dhidi ya aina moja ya kelele, na dhidi ya aina nyingine hufanya kazi ya wastani tu. Sababu imo kwenye fizikia, na pesa haiiondoi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1936 Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza ya Marekani kwa hoja kwamba sauti inaweza kufutwa kwa sauti: pale wimbi la kelele linapopanda, tengeneza wimbi jingine linaloshuka kwa kiasi kilekile, na hewa itabaki imetulia. Kwenye karatasi hesabu ilikubali, ila vifaa vya wakati ule havikuwa na kasi wala udogo uliohitajika. Mwaka 1978 Amar Bose, profesa wa MIT mwenye kampuni ya spika, alikuwa ndegeni akirudi Marekani kutoka Zurich. Alivaa hedifoni walizopewa abiria, muungurumo wa injini ukaumeza muziki, naye akaanza kupiga hesabu humohumo angani. Sampuli za kazi hiyo zilivaliwa mwaka 1986 na Dick Rutan na Jeana Yeager walipoizunguka dunia kwa ndege ya Voyager bila kutua wala kujaza mafuta. Hedifoni za marubani ziliingia sokoni mwaka 1989, na zile za mtu wa kawaida, QuietComfort, mwaka 2000.

Chimbuko hilo linaeleza mengi. Teknolojia hii ilizaliwa ikipambana na mvumo mzito usiobadilika, na mpaka leo huyo ndiye adui inayemmudu.

Tuingie ndani ya kikombe kimoja cha hedifoni. Nje yake kuna maikrofoni inayosikia kelele kabla haijafika sikioni. Ndani, karibu na spika, kuna nyingine inayosikiliza kilichobaki baada ya kufutwa, ili chipu ijisahihishe. Umbali kutoka maikrofoni ya nje hadi tundu la sikio ni kama sentimita 3. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, hivyo safari hiyo huichukua chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Huo ndio muda wote ambao chipu inao wa kupokea kelele, kuigeuza na kuipeleka kwenye spika.

Sasa tuseme imechelewa kwa muda huohuo, sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Kwa mvumo wa hezi 100, wimbi moja huchukua sehemu moja ya mia ya sekunde kukamilika, kwa hiyo kuchelewa huko ni asilimia 1 tu ya wimbi. Ukikokotoa, kinachobaki cha kelele ni kama asilimia 6 ya ukubwa wake. Kwa sauti ya hezi 1,000, kuchelewa kulekule ni sehemu ya kumi ya wimbi, na kinachobaki ni zaidi ya asilimia 60. Ukifika karibu hezi 1,670, wimbi la kufuta halifuti chochote, na ukipita hapo linaanza kuongeza kelele badala ya kuipunguza. Chipu nzuri huchelewa kidogo na chipu mbovu huchelewa sana, lakini mteremko ni uleule. Ndiyo maana wahandisi huiachia elektroniki kazi ya masafa ya chini, na kuanzia eneo la hezi 1,000 kwenda juu kazi hubaki kwa plastiki, sponji na ngozi ya mto unaozunguka sikio.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha modeli, mtu aorodheshe kelele za maisha yake. Jenereta dogo la petroli, lile la kuvuta kamba, huzunguka mara 3,000 kwa dakika ili litoe umeme wa hezi 50. Silinda yake moja hulipuka kila mizunguko miwili, yaani mara 25 kwa sekunde, na sauti zake nzito hujipanga kuanzia hapo: 25, 50, 75, 100. Hakuna kelele inayofaa kufutwa kuliko hiyo. Injini ya basi la mkoani usiku kucha, kiyoyozi cha ofisi, feni ya dari, beshi ya baa ya jirani: zote zimo kwenye uwezo wa hedifoni hizi. Ila feni ya mezani ikikupulizia usoni ni jambo jingine, kwani upepo wake hupiga maikrofoni za nje na chipu huudhania kuwa kelele. Modeli nyingi za bei ya juu zina hali ya kupunguza athari ya upepo, na gharama yake ni uzimaji dhaifu.

Upande wa pili kuna honi ya bodaboda, mtoto anayelia, sufuria zinazogongana, na wafanyakazi wenzako wanaobishania mpira. Maneno ya binadamu hueleweka zaidi kutokana na masafa ya kati ya hezi 1,000 na 4,000, nje kabisa ya eneo ambalo chipu ina nguvu. Tena, mvumo wa chini ukiondoka, sauti ya mtu aliye mita mbili mbele yako inaweza kusikika wazi zaidi kuliko awali. Wengi hurudi dukani kulalamika kwamba hedifoni ni mbovu kwa sababu wanamsikia mwenzao. Si mbovu. Anayetaka kukimbia mazungumzo ya ofisini ataweka muziki wa sauti ndogo juu ya uzimaji huo, na hapo ndipo faida moja isiyotangazwa inapojitokeza. Shirika la Afya Duniani huweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo hukatwa nusu. Mvumo ukiondoka, huna haja ya kupandisha sauti kushindana nao.

Sehemu ninayoiona muhimu kuliko chipu ni mto. Spika ya ndani haiwezi kutengeneza wimbi zito la kufuta kama hewa inavuja pembeni, na masafa ya chini ndiyo yanayoumizwa kwanza na uvujaji. Mikono ya miwani huinua mto na kuacha mwanya. Misuko minene hufanya hivyohivyo, na hereni kubwa pia. Kwa mwanamke wa ushungi, hedifoni zikivaliwa juu ya kitambaa, tabaka la nguo huvujisha hewa chini ya mto. Zikivaliwa ndani, kitambaa hufunika maikrofoni za nje na kuzisugua kila shingo inapogeuka. Kitambaa chembamba kilichovutwa vizuri chini ya mto kwa kawaida huleta nafuu kuliko kuzificha ndani. Hayo hayamo kwenye jedwali lolote la ulinganisho, nayo yanaweza kuamua zaidi ya tofauti ya dola 100 kati ya modeli mbili.

Kisa cha Bose kinafaa hapa. Mwaka 2019 wateja wa hedifoni zake za QuietComfort 35 II walilalamika kwa wingi kwamba programu mpya iliyosukumwa kwenye hedifoni zao imepunguza uzimaji wa kelele. Kampuni ilituma wahandisi hadi majumbani mwa baadhi yao wakapime. Ripoti yake ilisema programu haikupunguza kitu, na kati ya vyanzo ilivyotaja ni mito ya kubadilisha isiyo ya Bose na mito isiyokaa sawasawa kwenye kikombe. Kampuni kujichunguza yenyewe ni kesi ya ngedere kuamuliwa na nyani, na wapo wateja ambao hawakuridhika mpaka mwisho. Hata hivyo dai kuhusu mito linalingana na fizikia. Ngozi bandia ya mito hiyo, kwa jasho na unyevu wa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, huchanika na kumenyeka, na hapo hedifoni za dola 400 huanza kufanya kazi kama za dola 60.

Idadi ya maikrofoni nitaipita haraka. Sony iliweka 8 kwenye WH-1000XM5 ya mwaka 2022 na 12 kwenye XM6 ya mwaka 2025, lakini baadhi ya hizo ni za kuchukua sauti yako unapopiga simu. Hapo pana mtego ambao wauzaji wetu huutumia, wengine kwa kujua na wengine kwa kutojua. Herufi ENC kwenye sanduku la bei rahisi maana yake ni kwamba unayeongea naye kwa simu hatasikia kelele za upande wako. Wewe utazisikia zote. Herufi zinazohusu masikio yako ni ANC. Hata hizo huchapishwa kwenye bidhaa bandia, na kwenye maduka ya Kariakoo au Luthuli Avenue huwezi kuzitambua kwa kuangalia sanduku. Muombe muuzaji akuwashie bila muziki, usimame karibu na jenereta au friji ya vinywaji, kisha uwashe na kuzima ANC. Mvumo wapaswa kushuka ghafla huku maneno ya muuzaji yakibaki. Kama kinachobadilika ni mchakacho wa juu tu, rudisha. Jaribu pia kuziunganisha na programu rasmi ya kampuni kwenye simu yako. Nyingi za bandia hukwama hapo.

Kuhusu ubora wa muziki, Sony inajivunia LDAC, mfumo wa kusafirisha sauti kwa Bluetooth unaofikia kilobiti 990 kwa sekunde, wakati CD ni kilobiti 1,411. Simu nyingi za Android kuanzia toleo la 8 zinaukubali. iPhone haiukubali, inatumia AAC, kwa hiyo mwenye iPhone asilipie LDAC hata senti. Na hata mwenye Android ajiulize anasikiliza nini. Muziki ulioshushwa kwa ubora wa chini ili bando lisiishe hautapata kitu ambacho haukuwa nacho kwa kupitishwa kwenye bomba pana. Kwangu mimi LDAC ni ya wachache wenye mafaili makubwa, tena waliokaa chumba kilichotulia, ambako ANC yenyewe haina kazi kubwa.

Betri nayo isomwe kwa jicho jingine. Sennheiser Momentum 4 hudumu saa 60, Sony XM5 saa 30, Bose QuietComfort Ultra za toleo la kwanza saa 24, Apple AirPods Max saa 20. Umeme ukikatika siku mbili tofauti hiyo ina maana, lakini maana kubwa zaidi ni ya miaka. Betri za lithiamu huchakaa kwa kuchajiwa. Anayesikiliza saa 3 kwa siku atamaliza takriban mizunguko 270 ya chaji kwa miaka mitano akiwa na AirPods Max, na kama 90 akiwa na Momentum 4. Betri ikifa, nyingi za hedifoni hizi hazifunguliwi nyumbani. Fairphone ilionyesha mwaka 2023 kwamba inawezekana, kwa hedifoni zake za Fairbuds XL ambazo mwenyewe anaichomoa betri na kuweka nyingine, na sheria ya Umoja wa Ulaya itawalazimisha watengenezaji wengi kuelekea huko kuanzia Februari 2027. Hizo za Fairphone hazizimi kelele kwa kiwango cha Sony wala Bose.

Uzito haudanganyi: AirPods Max zina gramu 385 hivi, XM5 gramu 250. Kwenye kiyoyozi hutajali. Kwenye joto la pwani, baada ya saa mbili, utajali. Kukunjika nako kuna hadithi yake. XM4 zilijikunja zikaingia kwenye kipochi kidogo, XM5 zikaacha kujikunja, na XM6 zikarudia mtindo wa zamani. Sony ilikuwa imesikia malalamiko.

Nikiulizwa leo na mtu wa Android anayefanya kazi jirani na jenereta, nitamwambia atafute XM4 mpya kabisa kwa bei iliyoshuka. Kwa mvumo wa hezi 50, ilichoongeza XM5 na XM6 hakifikii tofauti ya pesa. Mwenye umeme wa mashaka achukue Momentum 4. Mwenye miwani na anayesafiri kwa ndege mara kwa mara avae kwanza Bose, kwa sababu hazibani sana kichwa. AirPods Max ni za mwenye vifaa vya Apple kila kona na shingo imara. Asiyeishi na mvumo wowote, ila anasumbuliwa na sauti za watu, anunue hedifoni nzuri za kawaida zenye mito minene, na dola 200 zilizobaki abaki nazo mfukoni. Na yeyote kati yao, kabla hajalipa, amuulize muuzaji kama mito halisi ya modeli hiyo inapatikana na ni bei gani.