Mtoto wa Mjini Hakufika, Alizaliwa

Mwezi uliopita mhariri aliniletea bahasha yenye hadithi kumi na moja za waandishi chipukizi, akaniambia, "Mzee, pitia hizi halafu utuandikie mawili matatu." Nilizipitia zote. Saba zilimhusu mtoto aliyekua mtaani bila mtu wa kumwangalia. Katika hizo saba, nne zilianza kwenye pipa la taka na tatu ziliishia kwa risasi ya polisi. Mama alikuwa mlevi katika tano, na katika mbili zilizobaki alikuwa amekwisha kufa kabla ya ukurasa wa pili.

Msomaji mpenzi, usidhani nawacheka wenzangu. Mimi pia niliandika hadithi ya namna hiyo nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, na ikachapishwa. Nitaieleza kabla sijamaliza, maana mhakiki anayekosoa kazi za watu huku ameifunika yake ni nyani asiyeona kundule. Lakini kwanza tujiulize: hili pipa la taka limetoka wapi?

Limetoka vitabuni. Aliyelitia katika fasihi yetu likakaa ni Meja Mwangi, katika riwaya yake ya Kiingereza Kill Me Quick, iliyotoka mwaka 1973. Vijana wawili, Meja na Maina, wamemaliza shule na wanaingia mjini kutafuta kazi. Kazi wanaikosa, wanaishia kulala vichochoroni na kula makombo ya mapipa, na kutoka hapo ni wizi, genge na jela. Ni kitabu kizuri, nisieleweke vibaya. Mwangi aliitazama njaa kwa jicho kavu. Hakulia kwa niaba ya wahusika wake, na hata mambo yalipowawia magumu hakuwanyang'anya mzaha wao. Anayetaka kujua jinsi watu wenye njaa wanavyozungumza, na akisome.

Sasa tazama jambo moja. Meja na Maina hawakuzaliwa mjini. Wamefika. Nyuma yao kuna kijiji, kuna wazazi wanaosubiri matunda ya masomo. Kwao mji ni mahali pa kupotelea kwa sababu wana kwao kwingine. Chukua My Life in Crime ya John Kiriamiti, ya mwaka 1984, kitabu tulichokisoma kwa kukificha chini ya dawati: mhusika naye anaingia Nairobi kutoka mashambani. Chukua Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, ya mwaka 1996: Kongowea Mswahili ni mtoto wa Tanga, anafiwa na mama, anafunga safari ndefu mpaka Kitale kumtafuta babake. Huyo ni yatima wa barabarani, si wa mtaani. Hata The Slums ya Thomas Akare, ya mwaka 1981, ambayo inaijua Majengo ya Pumwani kama mtu anavyoijua njia ya chooni usiku, inamkuta Eddy akiwa tayari kijana mkubwa analala ndani ya gari bovu. Utoto umeshampita.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya fasihi yetu ya mji ni fasihi ya watu waliofika. Na anayefika huona nini kwanza? Uchafu, kelele, mwizi. Ana haki, ni mgeni. Ajabu ni kwamba sisi tuliozaliwa humo humo, tukishika kalamu, tunaazima macho ya mgeni na kuanza kujishangaa wenyewe. Mtoto aliyezaliwa karibu na pipa halioni pipa. Anaona njia ya mkato inayopita nyuma yake.

Mimi ni wa Shauri Moyo, Nairobi, wa miaka ya 1970. Wazee wetu walisimulia kwamba watu wa kwanza kuletwa pale walihamishwa kutoka Pangani mwishoni mwa miaka ya 1930. Walipolalamika, ati waliambiwa hilo ni shauri la moyo wako. Kweli au mzaha, jina ndilo hilo. Nyumba nyingi za zamani za Eastlands zilijengwa wakati wa ukoloni kwa hesabu ya mfanyakazi mwanamume asiye na mke wala mtoto, mtu wa kitanda kimoja. Baadaye wake walikuja, watoto wakazaliwa, na chumba kikabaki kile kile. Kwetu tulikuwa watu watano, kitanda kimoja na pazia. Mtoto hakukaa ndani kwa sababu hapakuwa na mahali pa kukaa. Ulikula, ukatoka. Wageni wakaliita jambo hilo kuzurura, na waandishi wakalipokea neno bila kuuliza kipimo cha chumba.

Mathe alitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kwenda Industrial Area kwa miguu, alikokuwa akifagia kiwandani. Alirudi saa kumi na mbili na nusu jioni. Piga hesabu: ni saa kumi na tatu. Siku za shule, shule ilikula nyingi. Likizo zilibaki zote, kuanzia giza mpaka giza, na mimi nikiwa na ufunguo shingoni kwenye uzi wa kiatu.

Ndugu mwandishi, saa hizo kumi na tatu ndizo hadithi, na katika zile saba nilizosoma hazimo. Mama anaondoka mwisho wa aya moja, na mwanzo wa aya inayofuata mtoto ameshika kisu. Katikati kumeenda wapi? Katikati kulikuwa na bano, brikicho na kalongo. Kulikuwa na ndai za waya zilizotuchukua siku tatu kuzipinda. Kulikuwa na Gikomba, kuokota nyanya zilizopondeka kabla wenye mkokoteni hawajageuka, na kutoka mbio askari wa kanjo walipotokea. Kulikuwa na mama wa mlango wa pili aliyekuwa na haki ya kukuzaba kofi, na hukuenda kushtaki, maana ungeongezwa la pili.

Kulikuwa na sheria pia, na hatukuandikiwa na mtu mzima. Mdogo haachwi mtoni. Anayekula mbele za watu anagawa. Ukishikwa, hutaji jina. Na kulikuwa na mambo ambayo sheria zetu hazikuyaweza: wakubwa waliotutoza thumni ili tupite njia yao, gundi iliyoingia kwenye chupa ndogo, na mlango mmoja mwisho wa safu ambao wasichana walionyana wasiupite peke yao. Sote tulijua. Hakuna mtu mzima tuliyemwambia. Hilo nalo ni la saa zile kumi na tatu, na anayeandika michezo akaliacha hilo hajaandika.

Hata lugha yetu ilitoka humo. Sheng, ambayo chimbuko lake hutajwa kila mara kuwa hizi sehemu za Eastlands, haikutungwa na mtu mezani. Weka watoto wa Kikuyu, wa Kijaluo, wa Kikamba na wa Kiluhya kwenye kibaraza kimoja siku nzima, na mama wa kusema lugha ipi itumike yuko kazini. Watajitengenezea. Wanamuziki waliligundua hilo mapema kuliko waandishi. Kalamashaka wa Dandora walipotoa "Tafsiri Hii" miaka ya 1990, waliusema mtaa kwa kinywa cha mtaa, bila kuomba radhi. Jarida la Kwani? lilipoanza mwaka 2003 likaifungulia Sheng mlango, wengine wakafikiri ni jambo jipya. Kumbe muziki ulikuwa umetutangulia, nasi riwaya tukawa bado tunaukagua uchafu.

Hapa naomba nisimame, maana naona mzee wa rika langu anaitikia kwa kichwa. Kuna ugonjwa wa pili, nao ni wetu sisi wakubwa. Tukikutana matangani tunasimulia jinsi tulivyolelewa na mtaa mzima, jinsi tulivyokuwa na nidhamu, jinsi watoto wa leo walivyoharibiwa na simu. Uongo mtupu, au nusu yake. Katika wale niliocheza nao bano mbele ya bomba la maji, wawili walizikwa kabla hawajafikisha miaka ishirini na mitano. Anayesimulia utamu wa mtaa ni yule ambaye mtaa ulimwacha hai. Huruma ya mgeni humfanya mtoto awe taka, na sifa za mzee humfanya awe shujaa. Wote wawili wanamkwepa.

Sasa nije kwa hadithi yangu.

Agosti mwaka 1981 nilikuwa na miaka kumi, dadangu mdogo minne. Ilikuwa likizo. Mathe aliondoka akaacha maneno mawili: "Usiwashe stovu. Usitoke." Nilikaa mpaka kama saa nne. Nje kulikuwa na mchezo wa bano, na jana yake nilikuwa nimeshindwa vibaya. Nikasema nitatoka kidogo tu. Kabla ya kutoka niliwasha stovu nikaweka chai ya dadangu ipate moto, nikasahau. Kilichofuata nilikisikia nikiwa nimepiga goti nalenga. Mama wa mlango wa pili alifika kabla yangu, akammwagia maji, akambeba mgongoni mpaka zahanati. Alipona. Mkono na kifua vina alama hadi leo.

Mwaka 1993 niliandika hadithi ya jambo hilo. Katika hadithi mama yuko baa. Mtoto wa kiume, jasiri, anavunja mlango na kumtoa dadake motoni. Kuna pipa la taka ukurasa wa kwanza. Ndiyo, hata mimi. Watu waliisifu. Mmoja alisema ina uchungu wa kweli.

Nakala niliipeleka nyumbani kwa majivuno. Mathe hakuwa msomaji, kwa hiyo dadangu, mwenye alama zile zile mkononi, ndiye aliyemsomea kwa sauti, taa ya mafuta ikiwa katikati yetu. Alipomaliza, mathe alikaa kimya muda mrefu. Huniita Baba, kwa kuwa nina jina la babake. Akasema, "Baba, mimi nilikuwa baa ya nani?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea, bila ukali. Akanieleza kwamba siku ile alikimbia njia yote kutoka kazini, na kwamba siku tatu alizokaa kando ya dadangu zilikatwa kwenye mshahara. Nilikuwa sijui. Nilikuwa nimeishi naye miaka ishirini na miwili na sijui. Halafu akauliza swali la pili, ambalo ndilo uhakiki mkali kuliko wote niliowahi kupata: "Na wewe ulikuwa wapi?"

Dadangu alilikunja jarida, hakusema neno.

Huo ndio uhakiki ninaowaletea, ndugu zangu, wala sina nadharia nyingine. Nilimweka mama baa kwa sababu mimi nilikuwa kwenye bano. Hadithi ilihitaji mwenye kosa, na aliyekuwa mbali zaidi na kalamu ni yeye. Ninaposoma akina mama watano walevi katika bahasha moja, simwambii mwandishi kwamba walevi hawapo. Walikuwapo, tuliwajua. Namuuliza tu kama huyu wake alikunywa kweli, au aliwekwa baa ili mtu fulani asionekane.

Nisimalize kwa lawama. Katika zile hadithi saba kuna moja ya msichana ambaye sitamtaja. Ukurasa wa nne mtoto anapika ugali, anafunika nusu chini ya sufuria kwa ajili ya mamake. Jioni inakuwa ndefu, anafunua, anakula kidogo, anafunika. Anafunua tena. Mistari minne tu, halafu mwandishi anakimbilia kwenye risasi yake. Dada, rudi hapo. Hapo kuna njaa, kuna upendo, kuna wizi, kuna saa inayokataa kwenda, na hakuna pipa hata moja. Risasi ifute. Utuonyeshe mama anaporudi na kufunua sufuria.

Mhariri, bahasha yako nairudisha. Hakuna niliyoikataa. Pembeni ya kila hadithi nimeandika yale maswali mawili ya mathe: mama alikuwa wapi, kwa saa, na wewe ulikuwa wapi. Wakiyajibu, zichapishe.

Yangu ya mwaka 1993 usiichapishe tena. Naiandika upya, na dadangu ndiye anayenisomea rasimu.